Mchezo Uliokwama Sura ya Tatu

Kwa miezi kumi na mmoja nilichora pazia la chumba cha kulala cha mwanamke asiyekuwepo duniani. Nililichora jeupe, nikalitia maua, nikayafuta maua, nikayarudisha. Mwanamke huyo nilimbuni mwenyewe: muuguzi wa miaka thelathini na nne, mtu wa Tanga, ameachika, amehamia Johannesburg na anatafuta mwenzi. Ndiye mhusika mkuu wa mchezo wangu wa kompyuta. Anayecheza ndiye anayemchagulia akubali mwaliko wa nani, avae nini, amjibu nini mwanamume aliyechelewa. Ni mchezo wa watu wazima, na waliochanga kuufadhili waliambiwa hivyo tangu siku ya kwanza. Sura mbili za mwanzo zilikuwa za chai, matembezi na ujumbe wa simu. Katika sura ya tatu niliahidi kwamba muuguzi atamkaribisha nyumbani fundi magari kutoka Maputo, na mlango utafungwa.

Hapo ndipo nilipokwama.

Niseme ukweli: haikuwa ugumu wa kazi. Kuandika programu nilijifundisha mwenyewe kwa masomo ya bure ya mtandaoni, baada ya kuacha chuo muhula wa pili, na nilishatatua mambo magumu kuliko hilo. Nilikwama kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna mwanamume aliyewahi kunifungua kifungo hata kimoja. Niliogopa kwamba watu watasoma mstari mmoja tu na kunijua. Basi nikachora pazia.

Wafadhili wangu hawakuwa wengi, Watanzania na Wakenya zaidi, kila mmoja akichangia kidogo kila mwezi. Na kila mwisho wa mwezi niliwaandikia barua kueleza kwa nini sura haijatoka. Barua hizo nilizipiga msasa kuliko mchezo wenyewe. Siku moja nilijikaza nikaitoa sura. Nikaona neno moja limekosewa, nikaiondoa kabla saa moja haijaisha, nikaandika barua nyingine.

Mmoja wao, mwanamke Mkenya anayefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu Braamfontein, hapa hapa Johannesburg ninapoishi, ndiye aliyekuwa akinijaribia kila sura. Jumatatu moja aliniita tukutane wakati wake wa chakula cha mchana. Nilifika nusu saa mapema, kama kawaida yangu.

“Hizo barua zako za samahani ni tamu kuliko gemu,” alisema kabla hajakaa. “Mimi humsomea bwanangu.”

“Nakaribia kumaliza. Limebaki pazia tu.”

“Pazia.” Aliweka uma chini. “Wewe, nimengoja huyu fundi aingie kwa hiyo nyumba tangu nikiwa na mimba. Mtoto sasa anatembea.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Sikiza. Sina ubaya na wewe. Lakini Ijumaa ikipita kama haijatoka, mimi natoka, na wenzangu nitawaambia nimetoka. Si hasira. Nimechoka tu.”

Nikamwambia itatoka Ijumaa. Nilirudi mtaani kwetu Mayfair kwa miguu, na kwenye taa za kwanza za barabarani, robot kama wanavyoziita huku, ya kijani iliwaka ikazimika mara mbili nikiwa bado nimesimama ukingoni. Mkenya yule ndiye aliyekuwa akiwatuliza wafadhili wengine. Akiondoka, watamfuata. Na kwa ninavyojijua, mchezo usiongojwa na mtu nisingeumaliza kamwe.

Ninaishi kwa mama mdogo. Aliolewa na mtu wa huku Afrika Kusini aliyekuwa mkimbizi Morogoro enzi za ubaguzi wa rangi, na wakimbizi waliporuhusiwa kurudi kwao akaja naye. Mama mdogo ni kungwi. Binti wa Kitanzania akikaribia kuolewa hapa mjini, hata yule aliyezaliwa hapa na kila akiulizwa anajibu kwa Kiingereza, mama yake humleta kwetu afundwe. Jumamosi asubuhi mlango wa sebule hufungwa, na mimi, kwa kuwa sijaolewa, huambiwa nikae chumbani. Kwa miaka minane nimesikia vicheko tu. Upande mmoja wa ukuta watu wanafundwa mambo ya ndani, upande wa pili nilikuwa nayachora kwa kubahatisha.

Jumatano, saa tano asubuhi, aliingia chumbani na nguo zilizokauka. Nilikuwa nimevaa hedifoni. Nilipohisi mtu nyuma yangu, muuguzi na fundi walishajilaza, shuka limewafika kifuani. Nilidaka kifuniko cha kompyuta.

“Acha, nimeshaona,” alisema. “Hao ni nani?”

Aliketi kitandani na nguo mapajani. Nilimweleza yote, mpaka habari ya Ijumaa.

“Na hao wanaongoja ni watu wazima?”

“Wote, mama mdogo.”

“Wewe umemjua mwanamume lini?”

“Sijamjua.”

“Inaonekana. Hebu rudisha mwanzo.”

Aliisoma sehemu ile yote kimya, miwani puani. Halafu akacheka hadi akajifuta macho kwa soksi ya mumewe.

“Mwanamume kaingia mlangoni, mara yuko kitandani. Viatu kavulia wapi? Kala nini? Na huyu bibi hajauliza kitu, hajasema ngoja, hajasema hapo sipendi. Mimi na baba yako mdogo miaka thelathini na kitu, na bado tunagongana viwiko.”

“Nilitaka isiwe na kosa.”

“Umewatoa aibu yote. Anayekuvua nguo siku ya kwanza bila aibu ni daktari.”

“Nifunde basi.”

“Thubutu. Ya sebuleni hayaingii kwenye kompyuta. Ukiposwa nitakufunda. Lakini kuona aibu unakujua, hakuna wa kukufundisha. Andika hiyo.” Aliinuka, akafika mlangoni, akageuka. “Pazia ni zuri.”

Niliifuta sehemu ile yote. Ilikuwa kazi ya karibu mwaka mzima. Kisha nikajiwekea sheria kwenye kipande cha karatasi: kila mstari utarekebishwa mara mbili, basi. Nilimpa muuguzi woga wangu. Anaongea sana, anamimina chai ikafurika kwenye kisahani. Fundi anauliza viatu aviweke wapi. Ananawa kwa sabuni ya vyombo na bado vidole vinanuka grisi, na anaficha mikono. Anayecheza anaweza kumchagulia muuguzi aseme “ngoja kwanza,” au “zima taa,” au “leo nenda nyumbani,” na hata hiyo njia ya kwenda nyumbani niliiandika hadi mwisho, hadi fundi anapofika kwake na kutuma ujumbe kwamba amefika. Muda wa rangi haukubaki. Picha kumi niliziacha za penseli.

Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini na mtaa umejaa sauti zao, niliitoa. Barua yangu ilikuwa na sentensi mbili: sura ya tatu hii hapa, picha kumi hazina rangi.

Wawili walijitoa alasiri ileile. Walisema si picha walizoahidiwa, na walisema kweli. Kisha ukaja ujumbe wa Mkenya: “Shati la fundi limevuliwa sebuleni. Mbona jikoni amelivaa tena?”

Niliangalia. Alikuwa amelivaa, limefungwa hadi shingoni. Mshale ulienda wenyewe hadi kwenye kitufe cha kuondoa. Kichwani sentensi ya kwanza ya barua ya kuomba radhi ilishaanza kujitunga, na ilikuwa nzuri. Niliikalia mikono yangu, chini ya mapaja, mpaka ikafa ganzi.

Halafu nikamjibu: “Kweli. Nitarekebisha nikitoa ya nne.”

“Ya nne lini?”

Nilianza kuandika “karibuni,” neno lililokuwa katika kila barua yangu. Nikalifuta, nikamtajia siku. Kisha nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika juu yake Sura ya Nne.