Panzi wa Shamba Lisilo na Mwenyewe

Harufu ya panzi aliyekanyagwa hunitia kichefuchefu mpaka leo. Nasema wale panzi wazito wenye rangi za manjano, nyeusi na nyekundu, wasiokimbia hata ukiwasogelea, ambao ndege huwaona na kwenda zao. Ukimkanyaga mmoja hutoa uvundo mkali unaong'ang'ania puani. Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha Ujamaa, kando ya reli upande wa Igalula, kiangazi kizima kilinuka hivyo. Siku nyingine niko jikoni kwangu hapa Tabora mjini, madirisha nimeyafunga, na harufu hiyo huingia bila kupiga hodi.

Tulifika kwa lori, tukiwa na vyungu, mikeka, na mlango wa nyumba yetu ya zamani ambao baba alikataa kuuacha. Viwanja vilikuwa vimepimwa kwa mstari ulionyooka, lakini nyumba hazikuwapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; sisi tulifika mahali pasipo mwenyeji. Waliokuwa wakiishi pale nao walikuwa wamepakiwa wakapelekwa kwingine, maana ndivyo mambo yalivyokwenda mwaka ule. Kilichobaki ni shamba lao la mihogo, kando ya njia ya zamani ya misafara, limestawi na kujaa panzi. Shamba zuri lisilo na mtu wa kumwamkia lilinitisha tangu siku ya kwanza.

Aliyetulea ni shangazi Kashindye, dada mkubwa wa baba, kwa kuwa mama alikuwa ameshafariki. Alikuwa mcheshi, hodari wa jembe, na alimpenda mdogo wangu Masanja kama mboni ya jicho lake. Kule kwetu mihogo yote ilikuwa mitamu, tukiitafuna mbichi shambani. Na masika yakifika, wanawake wa kwetu walichuma porini uyoga wenye matundu ya wadudu, wakiamini kwamba alichokula mdudu hakimdhuru mtu. Kanuni hiyo tuliibeba kwenye lori pamoja na vyungu. Michembe yetu, viazi vitamu tulivyovikata na kuvikausha, ilipokwisha na mahindi ya msaada kuchelewa, shangazi akachukua jembe.

"Dada, tuulize kwanza," baba alisema.

"Tumuulize nani, mdogo wangu? Miti? Watazame panzi wanavyoshiba. Mdudu hana akili ya kujiua."

Mwenye njaa hana miiko, na baba akaenda kutafuta kuni. Shangazi alimenya mihogo, akaichemsha, na sahani ya kwanza akampa Masanja, kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo. Masanja alikunja uso, akasema ni michungu. "Umeanza kudeka kama mtoto wa mjini?" shangazi akamtania. Masanja akacheka, akala. Mchana sote tulitapika, vichwa vikituzunguka. Sisi wengine tulipata nafuu. Masanja alishindwa kusimama, pumzi ikawa fupi, na kabla jua halijazama alifariki mapajani mwa shangazi.

Tukiwa bado matangani alikuja mwanamke mgeni na jembe begani. Lilikuwa shamba lake. Alikuwa ametembea kutoka kijiji walikopelekwa ili aje kuchimba chakula. Alipoambiwa tulichokula, alikaa chini vumbini.

"Hii ni ya kuloweka," alisema. "Tunailoweka mpaka ilainike, tunaianika, ndipo tunaitwanga."

"Na panzi?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Panzi na mihogo hii wamezoeana tangu enzi, dada yangu. Na hata wao hawaili hivi hivi. Huuma jani wakaliacha, likishanyauka ndipo hurudi." Kisha akaanza kulia. "Walitupakia asubuhi moja tu. Ningemwachia nani neno?"

Shangazi alimshika mkono, wakalia pamoja. Tangu siku hiyo sikumsikia shangazi akimtania mtu. Mara nyingi nilimkuta kasimama kati ya mihogo, akiwatazama panzi, na niliogopa kumwita.

Binti yangu anafundisha biolojia. Hunieleza kwa furaha jinsi mmea unavyoongeza sumu na mdudu naye akaimarisha tumbo, kizazi hata kizazi, hadi wengine wakaigeuza sumu ile ngao yao dhidi ya ndege. Nami humsikiliza huku moyo ukiniuma. Viumbe wale walipewa enzi nzima wajuane. Sisi tulipewa asubuhi moja ya kufunga mizigo.

Kiangazi kilichopita nilirudi kule. Kijiji kina umeme sasa, mabati yanang'aa, na vijana niliowauliza hawakujua kwamba pale palikuwa na shamba. Karibu na kaburi la Masanja mihogo michache imejiotea, na panzi walikuwapo, wakiuma majani na kuyaacha. Nilikaa chini karibu na mdogo wangu, nikasubiri pamoja na panzi mpaka jani waliloliuma likanyauka.