Sakafu ya Shangazi

Shangazi hakuwa shangazi yangu. Alikuwa shangazi wa yule binti aliyeshona kwenye cherehani ya dirishani, dada wa baba yake, lakini duka zima tulimwita hivyo, hata wateja waliomzidi umri. Duka lilikuwa lake. Alichechemea mguu wa kushoto, na alikuwa na sheria moja tu: ukiingia ndani, huvui viatu.

Sababu ya sheria ilikuwa kwenye mguu wenyewe. Alipokuwa mdogo, mama yake naye akiwa mshonaji, alikanyaga sindano ikakatikia kisiginoni, na waliokwenda kuitafuta humo ndani waliharibu zaidi ya sindano. Alitusimulia kisa hicho kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba suruali yake itakuwa tayari Ijumaa. Mimi machozi yangu yako karibu, nikalia. Akaniambia nisilowanishe kitambaa cha watu.

Tulikuwa wanne. Shangazi alisimama kwenye meza ya kukatia, binti alikaa dirishani, mimi nilikaa mlangoni na sare zangu za shule, na kule nyuma kulikuwa na bwana wa kupiga pasi tuliyemwita Mvuke, kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichotoka upande wake. Bwana yule hakuwa bubu. Hakuona tu la kusema.

Basi binti akajifungua mtoto wa kike, akapumzika, akarudi kazini na mtoto mgongoni. Siku hiyohiyo Shangazi akatoa sheria ya pili.

"Huyu hakanyagi sakafu hii," alisema. "Fagieni mtakavyofagia, pini haziishi."

Ungempinga nani, mwenye mguu ule? Tukakubali. Na kwa kuwa binti alikaa na Shangazi kwenye vyumba vya nyuma ya duka, ambako vitambaa vilirundikwa hadi darini na pini zilisafiri navyo, sheria ikavuka mlango ikaenda kulala nao.

Mtoto akawa wa kubebwa. Binti akishona, nilikuwa naye mimi. Nikimpima mteja, alikwenda kwa Shangazi. Pasi ikipoa, Mvuke alinyoosha mikono bila kuombwa. Mteja aliyekuja kujaribu gauni alikabidhiwa mtoto kwanza, shida yake akaulizwa baadaye. Tukamwita Kifurushi, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na ukoo.

Tulijisifu sana, nisikufiche. Kifurushi alicheka mapema, meno aliota kwa wakati, na neno lake la kwanza lilikuwa "nibebe". La pili lilikuwa "kule". Kwa maneno hayo mawili alikagua duka lote na nusu ya mtaa. Alipotimiza mwaka alikuwa anajua majina ya rangi za uzi kuliko mwanagenzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Kutembea hakuna aliyekufikiria. Angetembea aende wapi, na usafiri upo?

Aliyefikiria kutembea ni nesi wa kliniki. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi kadhaa nesi alipomshika makwapani akamshusha taratibu hadi sakafuni, na Kifurushi akakunja miguu yote miwili hadi tumboni, akakataa katakata kuikunjua. Nesi akajaribu tena. Miguu ikapanda tena. Akaandika kitu, akasema kliniki ijayo kama hajasimama dede, atampeleka kwa daktari wa mifupa.

Hayo yangekuwa mambo ya binti na nesi, lakini siku hiyo mama mkwe wa binti naye alikuwa amekwenda. Mama mkwe alikuwa mwanamke wa haja: alitembea mkono mmoja kiunoni, kifua mbele, kila hatua akiipa nafasi yake, na watu walimpisha kabla hajawafikia. Alirudi nao hadi dukani, akasimama katikati, akamtazama Shangazi mguu.

"Nilijua," alisema. "Kilema kipo kwenye ukoo wenu. Siku ile ya kwanza nilipokuona unavyotembea, nilimwambia mwanangu aangalie vizuri."

Shangazi aliendelea kukata.

"Kliniki ijayo kama hajasimama, namchukua," mama mkwe akasema. "Kwangu kuna uwanja, na nawajua watu wa kumtibu. Baba yake nimeshamwambia."

Baba yake alifanya kazi mbali, alikuja mwisho wa mwezi, na mama yake akisema, amesema. Sote tulilijua hilo. Mama mkwe alipoondoka binti alijiinamia juu ya cherehani akalia, akalowanisha kola ya mtu, na Shangazi hakumwambia kitu. Hapo nikashindwa.

"Jamani!" nilisema, na najua sauti yangu ilivuka barabara. "Kilema gani? Mtoto tangu azaliwe hajagusa chini! Atembee hewani?"

Mkasi wa Shangazi ukasimama.

"Wewe," aliniambia, "maliza hizo sare."

"Kweli," akasema mtu nyuma yetu. Tukageuka. Alikuwa Mvuke. Ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

Jioni tukafunga duka kama kawaida. Asubuhi nilipofika nilikuta cherehani zimepandishwa juu ya meza, viti viko nje, na yeye amepiga magoti, mkononi ana sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Alikuwa anaipitisha kwenye kila ufa wa sakafu. Kopo la maziwa lilikuwa limejaa pini hadi juu, nyingine zimeota kutu, za miaka ya fundi aliyekuwapo kabla yake. Nilitaka kumsaidia, akanitazama tu, nikabaki mlangoni.

Alipomaliza akasimama, akavua viatu. Sikuwahi kuiona miguu ile. Akatembea peku kutoka kona hadi kona, chini ya meza, nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na kila alipofika alikikandamiza kile kisigino kibovu chini, kwa nguvu, kama anayepiga muhuri. Alikuwa anaogopa. Jasho lilimtoka usoni na kulikuwa na baridi. Mimi nina dada watatu, na asubuhi ile nilimpenda Shangazi kuliko wote watatu kwa pamoja.

"Mleteni," alisema.

Kifurushi aliwekwa sakafuni akapiga kelele hadi muuza magazeti akaja kuuliza kama kuna msiba. Shangazi akatoa sheria ya tatu: hakuna kubeba. "Nibebe!" mtoto alilia, akimnyooshea mikono kila mmoja kwa zamu, na kila mmoja akajifanya ana kazi. Binti alishona mshono mmoja mara mbili. Mvuke alitia mikono mfukoni, akaisahau pasi, na shati la mwalimu mkuu likaungua mgongoni. Shangazi alimshonea mwalimu jingine na hakumlaumu mtu.

Kila asubuhi alipitisha sumaku, akavua viatu, akakanyaga. Kila asubuhi Kifurushi alilia, ila kila siku kidogo kuliko jana. Akaanza kusota kwa makalio. Akagundua vipande vya vitambaa chini ya meza, akaona kumbe huku chini kuna mali. Akatambaa. Mchana mmoja akashika mguu wa cherehani yangu, akajivuta, akasimama dede, magoti yanatetemeka, uso wote unashangaa urefu wake mwenyewe. Binti alijiziba mdomo asimtishe.

"Hm," alisema Shangazi. "Asiguse pedali."

Lakini kuachia hakuachia. Alizunguka duka lote akishika kiti, meza, sketi za wateja, na siku ya kliniki ikafika hajapiga hatua hata moja ya peke yake.

Mama mkwe alikuja asubuhi na mapema. Alikuwa na begi kubwa, tupu, na hakuna aliyehitaji kuuliza ni la nini. Binti akasimama, akakaa, akasimama tena. Shangazi akaacha meza yake, akaenda kumletea mgeni kiti. Kifurushi alikuwa ameshika cherehani yangu. Akamwona Shangazi anaondoka. Akaachia, akamfuata.

Alitembea! Alitembea peke yake, mikono hewani, hadi katikati ya duka. Ndipo tukaona anavyotembea. Alikuwa anachechemea, mguu wa kushoto, Shangazi mtupu, hata lile bega analoshusha Shangazi alilishusha.

"Si nilisema?" mama mkwe akapaza sauti. "Mguu uleule! Si nilisema?"

Shangazi alishika mgongo wa kile kiti. Kisha akasema, polepole, "Binti, mpe mama maji."

Binti akaenda kwenye mtungi. Kifurushi akamtazama anavyokwenda, akamfuata, na safari hii alinyooka kama mshono wa suruali.

"Hebu nione," alisema mama mkwe, akawapita kwenda mlangoni kwenye mwanga, akimwita mtoto aje. Mtoto akaja. Alikwenda nyuma yake mkono mmoja kiunoni, kifua mbele, tumbo mbele zaidi, kila hatua akiipa nafasi yake. Duka zima tuliliona hilo isipokuwa mwenye mwendo. Nyuma kabisa, Mvuke akacheka. Alicheka hadi akashika ubao wa pasi.

Mama mkwe akageuka. Kifurushi naye akasimama, mkono bado kiunoni, akamwangalia kutoka chini.

"Huyu," alisema mama mkwe, "ananiiga mimi?"

"Miguu ni mizima, mama," alisema Shangazi. "Anatafuta wa kumfuata tu."

Mama mkwe akafikiri. Akatembea hadi kwenye meza na kurudi, safari hii kwa madaha zaidi, na nyuma yake madaha yakaongezeka. "Kumbe damu yangu!" akasema. Alipotoka kwenda nao kliniki aliliacha begi, na ndani yake kitambaa alichokichagua palepale dukani, cha magauni mawili ya mfano mmoja, kubwa na dogo.

Jioni ile, tukifunga, Shangazi alizima taa ya mbele akaelekea vyumba vya nyuma. Kifurushi nyuma yake, anachechemea.

"Shangazi, mkataze," binti alisema. "Atazoea."

Shangazi akasimama. Hakumkataza. Alikiteremsha kile kisigino hadi chini kabisa, akatembea wima, hatua kwa hatua, hadi mlangoni, na mtoto akanyooka nyuma yake.

Ndivyo anavyotembea hadi leo, mtoto akiwapo. Kifurushi akishalala, Shangazi hukaa kitandani akakikanda kisigino kwa maji ya moto. Nilimkuta siku moja, nikamwuliza kama kinamuuma. Akaniambia nikamalize sare.