Chumba Walichokifunga kwa Ajili ya Wafu

Nilipochaguliwa kuwa mwakilishi wadi, nilidhani kazi kubwa ingekuwa kutafuta tusichokuwa nacho. Sikujua kwamba ningechoka zaidi kwa kulinda kile kidogo tulicho nacho.

Wadi yangu iko magharibi mwa nchi, mbali na lami. Tuna zahanati moja, na zahanati hiyo ina chumba kimoja kizuri, chenye vigae, maji na umeme. Humo ndimo kina mama hujifungulia. Wanakijiji wenyewe walifyatua matofali yake. Siku moja watu wa mfuko fulani wa maendeleo walikuja na kufuli yao, wakakifunga chumba na kuondoka na ufunguo. Muuguzi alipouliza, aliambiwa chumba kitageuzwa mochari, yaani chumba cha kuhifadhia maiti, na kwamba wananchi wenyewe ndio walioomba.

Wananchi gani? Nilisafiri mpaka Nairobi kuuliza swali hilo tu.

Ofisi ya mfuko huo ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa za juu, na lifti ilikuwa imeharibika. Niliyempata alikuwa afisa mpole mwenye chai ya tangawizi mezani. Alinieleza kwamba sheria inataka umma ushirikishwe, na umma ulikuwa umeshirikishwa. Mkutano ulifanyika Satellite, mtaa wa humo humo Nairobi.

Nilimuuliza kama anajua Satellite iko wapi. Anajua sana, alisema, hukaa karibu na hapo. Nikamuuliza kama anajua wadi yangu iko wapi. Akaikoroga chai.

"Mheshimiwa, kule mvua ilikuwa imeharibu barabara," alisema. "Hapa tuliwapata watu wenu wengi pamoja, na walikuwa na kauli moja."

Hapo hakudanganya, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Watu wetu walioko Nairobi wana chama cha kuzikana. Hukutana Jumapili mchana katika darasa la shule moja huko Satellite. Kuna mafundi, yaya, wauza mitumba, watunza bustani na mabawabu wa Kitisuru, mtaa wa matajiri. Mmoja wao akifariki, chama humsafirisha hadi kwao, maana kwetu mtu hazikwi ugenini. Ni desturi nzuri, na mimi mwenyewe natarajia kuzikwa hivyo. Lakini hebu fikiria: watu hawa hufika nyumbani lini? Wakati wa matanga. Shida wanayoikumbuka ni mwili kulazwa katika mji wa mbali huku waombolezaji wakingoja nyumbani. Ukiwauliza ni huduma gani inakosekana kijijini, watakujibu kwa moyo safi kabisa kwamba ni mochari. Afisa yule alilipeleka swali la wazazi na watoto kwa chama cha maziko, akapata jibu ambalo chama cha maziko kingetoa popote duniani.

Jumapili nilikwenda Satellite. Mwenyekiti wao, fundi wa bomba mwenye duka Dagoretti Corner, alinipokea kwa makofi. Alidhani nimekuja kuwashukuru.

Nilichukua chaki nikachora lango la zahanati ubaoni, kisha vibanda vilivyo mbele yake: mama wa uji, mshonaji wa nguo za watoto wachanga, kijana anayechaji simu, kinu cha kusaga mahindi. Niliwaeleza taratibu. Mwanamke akija kujifungua haji peke yake. Huja na mama mkwe, na dada, na jirani, nao wakingoja watakula, watanunua sabuni na leso, watasaga unga wa kurudi nao. Wakipelekwa mjini, pesa zao pia zinakwenda mjini, na vibanda vile vitakufa bila mtu kuvifanyia matanga.

"Lakini Mheshimiwa, matanga pia ni biashara," mwenyekiti alisema. "Watu wanakula, mama. Tena waombolezaji wanakula kushinda wagonjwa."

Darasa lilicheka, nami nikacheka kidogo. Kisha nikamuuliza turubai hutoka wapi. Mjini. Na jeneza? Nairobi. Na mama wa uji atamuuzia nani siku ambayo kijiji kizima kinakula bure? Mwenyekiti alijikuna kidevu.

Ndipo bawabu mmoja wa Kitisuru akasimama nyuma, bado amevaa sare. Aliuliza kama ni kweli chumba kimeshafungwa. Nikamwambia ni kweli. Mke wake alikuwa mjamzito, naye alikuwa amemtuma nyumbani akajifungulie karibu na mama yake, kama wengi wetu tunavyofanya.

"Mimi niliinua mkono," alisema. "Walituuliza kama tunataka mochari. Hawakusema wanaondoa nini."

Hakuna aliyecheka tena. Baadhi yao walianza kulaumiana, nikawazuia. Niliwaambia hasira hiyo tusiimalizie humu ndani. Kesho ni Jumatatu, ofisi itakuwa wazi.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, na kila mmoja alijua kibarua chake cha siku hiyo kimekwenda. Tulipanda ngazi, tukajaa ukumbini. Afisa alitoka na kikombe chake, akauliza hawa ni akina nani.

"Bosi, umetusahau haraka hivi?" mwenyekiti alimwambia. "Sisi ndio wananchi wako. Tumebadilisha kauli."

Afisa alisema uamuzi kama huo ni wa wakazi, na hawa wanaishi Nairobi. Nilingoja ayasikie maneno yake mwenyewe. Kisha nikamwambia, polepole, kwamba kama leo si wakazi, basi hata Jumapili ile alipowauliza habari ya mochari hawakuwa wakazi. Achague moja. Aliahidi mkutano mpya, nyumbani, na ufunguo urudishwe mara moja.

Mara moja ya ofisi si mara moja ya mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Ufunguo ulikuwa ukizunguka, mara kwa mkandarasi, mara kwa dereva aliye likizo. Mke wa bawabu alijifungulia kwenye sehemu ya nyuma ya pikapu ya kubebea mahindi, mbele ya kinu, muuguzi na mama wa uji wakimshikia leso ziwe kuta. Hatua chache kutoka hapo kilikuwapo chumba chenye vigae. Mama na mtoto walipona. Ufunguo ulifika wiki hiyo hiyo.

Watu walinipigia simu kunipongeza. Sikuona cha kupongezwa. Naye afisa alipiga, akiwa na furaha kweli, akaomba picha ya mtoto aiweke kwenye ripoti ya mradi, ionyeshe jinsi wanavyowasikiliza wananchi.

Nilimwambia kwamba mama wa mtoto amekataa. Mama wa mtoto sikuwa nimemuuliza, wala sikukusudia kumuuliza.