Kahawa ya Ishirini kwa Ishirini

Enzi zetu mpira wa meza uliishia ishirini na moja, na sikuona mtu akisinzia. Naanza na hilo kwa sababu bado nina hasira, na ninyi wa rika langu mtanielewa. Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiambia mchezo ule ulikuwa mrefu mno, kwamba watazamaji wa sasa hawana muda, na kwamba sheria zimebadilishwa ili wasichoke. Kuchoka! Mtu ameketi kitini, soda mkononi, wenzake ndio wanatoka jasho, halafu yeye ndiye anayechoka.

Tulipokuwa wadogo kule Buganguzi, Jumapili ilikuwa misa, kisha ndizi na maharage, kisha mbio hadi ukumbi wa kijiji. Meza ilitengenezwa na mzee wetu fundi seremala, Ta Kaijage, kwa mbao za mti wa msizi. Kona yake moja ilivimba kwa mvua, na mpira ukigonga pale ulielekea unakotaka wenyewe. Wavu ulikuwa kipande cha gunia la kahawa. Vibao tulivibandika soli za kandambili, ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na kandambili za mguu mmoja na watoto waliochapwa. Mipira ilitoka Bukoba mjini, kwenye duka la familia moja ya Kihindi iliyouza vitambaa na vifaa vya shule. Siku hizi duka lile linauza simu, wenyewe wamekwisha kuhama. Mpira ukibonyea haukutupwa. Mama aliutumbukiza kwenye maji ya moto ukafura tena, naye akatuambia kila mara, "Mkiuvunja huu, mtacheza na limau."

Wanasema watazamaji? Watazamaji tulikuwa nao sisi. Ukumbi ulijaa, waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani, na mababu wasioona vizuri wakasimuliwa na wajukuu. Msimu wa senene watu walikuja nao wamekaangwa, wamefungwa kwenye majani ya mgomba, na harufu ile ikatusumbua tuliokuwa tunasubiri zamu. Mpira ukiwa hewani hakuna aliyekohoa. Ukianguka, ukumbi mzima ulihesabu kwa sauti kwa Kihaya, hata kina mama waliokuja kutuita nyumbani tukachote maji. Nao walisahau maji.

Na aliyewasahaulisha maji mara nyingi alikuwa kaka yangu, Muganyizi. Mguu wake wa kushoto ulibaki mwembamba tangu homa ya utotoni. Kwenye mpira wa miguu hakuna aliyemchagua. Aliwekwa kulinda mashati ya wenzake. Lakini kwenye meza aliegemea pembeni, akageuza bega, akauficha mpira nyuma ya mwili wake, na ulipotokea ulikuwa umeshakupita. Mchezaji alianzisha mpira mara tano mfululizo kabla ya kumpisha mwenzake, kwa hiyo Kaka aliweza kukufundisha uongo mara nne, ukamwamini, akakumaliza mara ya tano. Mimi nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Watu waliomwita kiwete siku za kazi walimwita kwa jina lake siku ya Jumapili.

Tulikuwa na desturi yetu pia, ambayo sijaiona kwingine. Mchezo ukifika ishirini kwa ishirini, Ta Kaijage aliusimamisha. Alitoa tunda moja la kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na kukaushwa, akalimenya. Tunda moja lina punje mbili. Mchezaji mmoja alipewa moja na mwenzake nyingine, wakatafuna wakitazamana, ndipo mchezo ukaendelea. Mliotafuna tunda moja hamkugombana tena, hata aliyeshindwa awe amelia. Na kutafuna zote mbili peke yako kulikuwa mwiko. Ta Kaijage alisema mtu wa hivyo ni mtu asiye na wa kucheza naye.

Basi wakubwa wa mchezo huko duniani wakaanza kurekebisha. Mpira ukanenepeshwa ili uende polepole, uonekane kwenye televisheni. Ishirini na moja ikawa kumi na moja. Kuanzisha mara tano kukawa mara mbili, na ni marufuku kuuficha mpira unapoanzisha, eti mtazamaji naye aone. Aone nini, wakati utamu wote ulikuwa kwenye kutoona? Habari zile tulizisikia redioni, tukaendelea na mambo yetu.

Mwaka huu mwanangu Deus na wenzake wakaandaa bonanza la vijana pale Muleba, naye ndiye refa. Sheria hizo mpya hazikumtosha. Akaongeza muziki kila baada ya pointi, na kipaza sauti mkononi mwake akiwa palepale mezani. Kaka aliposikia kuna meza, akanijia. Ana mvi kichwa kizima, na sikumbuki lini aliniomba kitu. Aliniomba nimwombee acheze mbele ya watu mara moja tu kabla magoti hayajamkatalia. Deus akakubali haraka. "Mwambie Mjomba aje, Mama, watu watafurahi kuona mzee," alisema, nami nikameza hasira.

Kaka alizichukua sheria zao kwa heshima kuliko wao wenyewe. Alifanya mazoezi ya kuanzisha waziwazi, akipiga mpira kwenye ukuta wa jiko lake hadi wifi yangu akalalamika. Siku yenyewe alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alipangiwa kijana wa Kitendaguro, mtoto mwenye adabu, aliyempa shikamoo kwa mikono miwili. Mpira wa kwanza bega likageuka lenyewe kwa mazoea, Deus akapuliza filimbi: faulo. Kaka akainamisha kichwa kuomba radhi, akabadilisha. Bila bega lake, muziki ukimgonga masikioni, alimfuata yule kijana pointi kwa pointi hadi kumi kwa kumi.

Hapo Kaka akaweka kibao mezani. Nilijua mara moja anachofanya, machozi yakanilenga. Kama ishirini na moja imekuwa kumi na moja, basi kumi kwa kumi ndiyo ishirini kwa ishirini yetu. Akatoa tunda la kahawa mfukoni mwa shati, akalimenya bila haraka, akamnyooshea kijana punje moja.

"Pokea kwanza, mwanangu," alimwambia.

Kijana alinyoosha mkono nusu, akamtazama refa. Na mwanangu, niliyemlea kwa kahawa ileile, akasema kwenye kipaza sauti kwamba mzee anachelewesha mchezo, pointi kwa kijana. Muziki ukafunguliwa, mkono wa kijana ukarudi nyuma. Mpira uliofuata Kaka aliupiga kwenye wavu, na sidhani kama aliuona; mchezo ukaishia hapo.

Nilimfuata Deus palepale. Akanijibu kwamba wangesubiri kahawa, watazamaji wangeondoka. Nikamgeuza kwa bega awatazame hao watazamaji wake. Nusu walikuwa wameinamia simu zao, na msichana mmoja alimuuliza jirani yake nani kashinda. Sisi tulibanwa madirishani kuutazama mpira mdogo usioonekana, kwenye meza iliyovimba, na hata leo naweza kuwaambia nani alimfunga nani. Hawa wamenenepeshewa mpira, wamefupishiwa mchezo, wamepigiwa ngoma, na bado hawakuona mtu akinyimwa haki yake mbele ya macho yao. Deus akainua kipaza sauti, akaita wachezaji waliofuata.

Kaka nilimkuta nje, amekaa kwenye ngazi, punje mbili kiganjani. Nikaketi kando yake, nikamkingia mkono anipe moja. Akatikisa kichwa.

"Si yako hii," alisema. "Wewe hukucheza."

Akazitazama kidogo, kisha akatia zote mbili mdomoni.