Mwenzangu Kigunia cha Mchanga

Juma lililopita kopo la sifa lilipinduka katika ndia ya kwetu, hivi vijia vyembamba vya Lamu. Sifa ni mafuta ya papa, ambayo watu hupaka vyombo vyao vya baharini visiliwe na mdudu, na waliozaliwa visiwani sina haja ya kuwaeleza harufu yake. Wasioijua niwaambie hivi: ikishika nguo, nguo hiyo ni ya kutupa, ikimshika mtu, mtu huyo hulala barazani. Jirani yangu aliliweka kopo lake mlangoni akaingia ndani kutafuta brashi, punda akapita na mzigo wa mawe, basi. Mtaa mzima ulishika pua. Bi wa nyumba ya mbele alitoa maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa ni mtu mzima na anasali.

Mimi nilisimama pale pale katikati ya ndia nikaivuta ile harufu mpaka ndani. Waliniona nafuta machozi wakadhani ni ukali wa mafuta, nami nikawaacha wadhani hivyo. Wangejuaje kwamba mimi harufu ya Idi, tangu utotoni, si udi wala si biriani? Harufu yangu ya Idi ni sifa.

Bwana Lali ndiye aliyeileta. Alikuwa fundi seremala, mrefu, mwembamba, kazi yake vitanda na milango, na nyuma ya mtaa wetu, mahali nyumba zinapokwisha na mashamba ya minazi yanapoanza, alikuwa na uwanja wake wa pembea. Mwaka mzima uwanja ulikaa kimya, mbuzi wakipita. Zikibaki siku chache Ramadhani kwisha, Bwana Lali alitoka na kopo lake la sifa akapaka vyuma vya pembea visishike kutu, na harufu ile ikipanda mtaani sisi watoto tulikuwa hatulali.

Kulikuwa na punda sita wa mbao waliozunguka mti mmoja, wakisukumwa kwa mkono, na mmoja wao hana sikio. Huyo asiye na sikio ndiye tuliyempigania, sijui kwa nini. Lakini kubwa lenyewe lilikuwa lile gurudumu lililosimama wima juu ya nguzo mbili za boriti, na masanduku manne yaliyopakwa rangi, kila sanduku na ubao wa kukalia watu wawili. Hapakuwa na mashine. Wanaume wawili wenye mabega waliliburura chini, na wewe ukapanda juu mpaka tumbo likabaki nyuma.

Sheria ya Bwana Lali ilikuwa moja. Hapandi mtu peke yake. Gurudumu la kusukumwa kwa mkono likiwa zito huku na jepesi huku hurudi kinyume likamvunja mtu mkono, na yeye hilo hakulitania. Ukifika mlangoni, kabla ya salamu, alikuuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

Mwenzangu alikuwa Zena. Mimi sina ndugu, nilizaliwa peke yangu nikabaki peke yangu, na Zena, aliyenizidi miaka miwili, ndiye aliyekuwa dada, shoga na wakili wangu pale chuoni tulipokuwa tukisoma Kurani, maana mimi nilikuwa mwepesi wa kulia na yeye alikuwa mwepesi wa kupiga. Kila Idi mama zetu walitununulia kitambaa kimoja wakatushonea sare. Ubao wa sanduku ulikuwa na pande mbili: ukikaa hivi unatazama mashamba, ukikaa hivi unatazama nyumba. Sisi daima tulitazama nyumba, kwa sababu nyumba ya kina Zena ilikuwa mkabala na uwanja, na jiko lao lilikuwa juu kabisa, chini ya makuti, na ukutani tundu la kutolea moshi. Sanduku likifika juu lilikuwa sawa na lile tundu. Mama yake Zena alikuwa akituchungulia mle akatupungia mwiko, na sisi tukapiga kelele kana kwamba tunamwona kwa mara ya kwanza tangu atoke safari.

Mwaka ninaotaka kuwahadithia nilikuwa na miaka kumi. Kitambaa cha mwaka ule kilikuwa cha manjano, manjano ya kuumiza macho, na mama alinung'unika kwamba tutafanana na ndizi mbili. Nguo zikashonwa mapema. Kumi la mwisho la Ramadhani, asubuhi moja, Zena hakuja chuoni. Kesho yake hakuja. Nikamuuliza mama, naye akajibu huku anapepeta mchele, bila kuniangalia, "Zena hatoki tena. Keshakuwa mtu mzima."

Watu wazima wa wakati ule ndivyo walivyoeleza mambo. Nilijua mtu mzima ni mtu mwenye mvi. Nikaenda mwenyewe mlangoni kwao nikabisha hodi. Mama yake alijibu kutoka ndani, kwa upole, kwamba nirudi, Zena ana shughuli. Na hapo, ndugu zangu, nikasikia kicheko kutoka juu. Wanawake wanacheka, vicheko vya wakubwa, vile vya kujifunika kanga mdomoni. Nikasema kumbe ndiyo hiyo shughuli. Amepata wenzake wakubwa, wamekaa juu wanacheka, mimi nimeachwa mlangoni na vumbi langu. Nilirudi nyumbani moyo umevimba.

Sikujua kwamba binti akishavunja ungo huwekwa ndani, na kwamba mwisho wa chuo, wa ndia na wa pembea huja siku moja. Hakuna aliyeniambia. Nilichojua ni kwamba nimesuswa, na mtu akinisusa mimi nilijua kumjibu.

Asubuhi ya Idi nilikataa nguo ya manjano. Mama alinishika, akanivuta, akaninunia, mimi nikang'ang'ania ile ya mwaka uliopita, ya buluu, iliyonibana kwapani. Nilisema siwezi kuvaa sare na mtu asiyenitaka. Mama akaiweka nguo kitandani akasema, "Shauri yako. Ukisusa, wenzio wala." Nikaenda uwanjani peke yangu, mtandio umefika puani.

"Mwenzako yuko wapi?" akauliza Bwana Lali.

Nikamwambia sina. Akaniangalia, na nadhani alijua, kwa kuwa yeye alikuwa na mabinti. Hakunirudisha. Alikwenda nyuma ya kibanda chake akaja na kigunia cha mchanga, akakipakata kama mtoto, akakiweka kwenye ubao upande wa pili, akakipigapiga kikakaa vizuri. "Huyu hana maneno mengi," akasema. Watoto waliopanga foleni walicheka mpaka wakakaa chini, na toka saa ile mpaka sikukuu zikaisha niliitwa mke wa Bwana Mchanga. Mpaka leo kuna baba mmoja mwenye ndevu nyeupe, akinikuta sokoni, huuliza hali ya mume wangu.

Nikakaa nikitazama mashamba. Nilifanya kusudi. Nyumba ya kina Zena ilikuwa mgongoni kwangu, na kila sanduku lilipofika juu nilikaza shingo nisigeuke. Minazi ilikuwa mbele yangu, mingi, haina cha kusema. Nilipanda siku ya kwanza, nikapanda ya pili, nikapanda ya tatu, kila siku mara nyingi, na kila mara nilipofika juu nilijiambia hii ndiyo raha yenyewe. Siku ya tatu, jua linatua, sanduku langu lilisimama juu kabisa wakati wengine wanashuka chini. Upepo ulikuwa wa baridi. Nililaza kichwa juu ya kile kigunia nikalia. Mchanga ulikuwa umeshika joto la mchana, nakumbuka, na gunia lilikuwa linanuka sifa.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Malindi kwa ndugu wa baba nikasome. Zena aliolewa Ndau, kisiwa cha mbali kaskazini. Bwana Lali akafariki, wanawe wakahamia Mombasa, na hakuna aliyetoka tena na kopo kupaka vyuma. Gurudumu lilisimama hivyo hivyo likala kutu. Siku hizi Idi ikifika huja watu na majumba ya plastiki ya kujazwa upepo, wanayaweka pwani, jenereta linanguruma, na watoto wanarukaruka ndani wakiwa na soksi. Siwalaumu, wanafurahi. Kule uwanjani masanduku yamebaki mawili, na punda wa kweli wamepafanya pa kulala. Nimewakuta mchana wamejilaza ubavuni mwa wale punda wa mbao, na huyu asiye na sikio kaegemewa na mwenye masikio mawili.

Mimi na Zena, kwa miaka yote hiyo, tulikutana matangani na harusini, na huko watu hawazungumzi. Mwaka jana alikuja Lamu kutibiwa jicho, akafikia kwangu. Mimi sasa nakaa peke yangu, mume alishatangulia, watoto wako mbali, na nilifurahi kusikia mtu anakohoa chumba cha pili. Alasiri moja, tukirudi kutoka hospitali, jicho lake moja limefunikwa pamba, alinivuta mkono tupite nyuma ya mtaa. Tukasimama uwanjani. Akacheka alipowaona punda. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye nyumba iliyokuwa yao, ambayo sasa ina mwenyewe mwingine. Tundu la moshi bado lipo.

"Pale," akasema. "Idi ile walonitia ndani. Nalivaa nguo yangu ya manjano, nikakaa pale siku tatu. Wale wanawake wanicheka, wanitania, nami nalia kwa sababu ya pembea, haya gani ile. Nalikutafuta, Maimuna. Kila sanduku likipanda naangalia manjano. Kutoka pale, mtu akikupa kisogo, vichwa vyote ni vimoja, nguo ndiyo imjulishayo mtu. Sikuona manjano siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu."

Mimi niliangalia punda.

"Basi nikajua," akasema. "Nikasema, Maimuna hakuya. Kakataa kupanda bila ya mimi." Akanigeukia na lile jicho lake moja. "Nti nzima, wakubwa kwa wadogo, ilikuwa yacheza, na mtu mmoja kakaa kwao kwa ajili yangu. Wallahi, miaka ile ya ndani, na Ndau nalipofika simjui mtu, hilo ndilo nalilokuwa nalo. Ulikataa, siyo?"

Nawaambia nyinyi ambao hamnijui, kwa kuwa wanaonijua siwezi kuwaambia. Nilimjibu, "Ndiyo."

Wamesema wakubwa, ndia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika Ndau. Zena alirudi kwao akahadithia, na sasa kule wajukuu wakigombana wanaambiwa kuhusu mtoto wa Lamu aliyesusa Idi nzima kwa ajili ya mwenzake. Nimekuwa mfano, jamani, mimi. Zena hunipigia simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa huwa nimejiandaa kumwambia, na kila Ijumaa tunamaliza kwa salamu.

Baada ya lile kopo kumwagika nilikwenda uwanjani peke yangu. Nilitafuta sanduku ambalo bado lina ubao nikakaa, punda wakiniangalia, nikatazama mashamba kama nilivyotazama siku ile. Kisha nikageuza shingo. Lile tundu lilikuwa pale pale, juu ya bega langu, karibu kuliko nilivyokumbuka. Kugeuza shingo tu. Siku tatu nilidhani mimi ndiye niliyeachwa, na aliyeachwa alikuwa amesimama nyuma yangu, kavaa sare, ananitafuta. Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi, na sioni haya kusema kwamba nilitamani kuwe na kigunia cha kuegemea.

Ijumaa iliyopita simu ikalia. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitasema. Lakini Zena hakunipa nafasi, alisema kuna mtu anataka kunisalimia, akampa simu mjukuu wake wa miaka minane. Nikasikia pumzi, kisha shikamoo, kisha kimya cha mtoto anayetafuta pa kuanzia.

"Bibi, ni wewe ule hukupanda pembea?"

Nyuma yake nilimsikia Zena akimwambia haya, muulize, si ulitaka kumuuliza.

"Sasa hukulia?" akauliza mtoto.

"Nililia," nikamwambia. "Nililia sana, mwanangu."

Akamgeukia bibi yake akamwambia, amesema alilia. Na nikamsikia Zena, mbali na simu, akisema kwa sauti ya mtu aliyeridhika, "Si nalikwambia."