Siku Niliyosema Nimeiona Ndege

Shule niliiacha darasa la sita, na somo pekee nililotoka nalo kamili ni kuitikia. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" tulijibu ndiyo kwa pamoja, na sauti yangu ilitangulia. Kwa miaka mingi ya kuhamahama, nikipaka rangi nyumba za mtaa wa Ng'ambo, nikichuma karafuu, nikibeba mitungi ya hewa ya wazamiaji, tabia hiyo ilinifaa. Nikiulizwa kama kazi naijua, nilisema naam, mengine nikayajulia mbele ya safari.

Basi muuguzi wa Dar es Salaam aliponieleza dawa za mama yangu, aliyekuwa ametolewa mtoto wa jicho, nilimwitikia naam mara tatu. Chupa zilikuwa mbili, kubwa na ndogo. Nikazitia mfukoni, tukaenda kupanda ndege kurudi Unguja.

Kilikuwa kindege cha abiria kumi na kitu. Rubani alikuwa mwanamke kijana, peke yake, na viti vilipojaa nikawekwa mbele, ubavuni mwake. Alimwamkia mama shikamoo. Mama akaitika marahaba, kisha akaniuliza kwa sauti iliyosikika hadi kiti cha nyuma:

"Huyu mtoto ndiye anayeendesha?"

"Ndiye, mama."

"Haya. Mwambie asikimbize."

Rubani akacheka, akanivalisha hedifoni nisikie anavyozungumza na mnara wa uwanja. Kiingereza changu ni cha kuokota ufukweni, lakini kilinitosha kugundua kwamba kila alichoambiwa alikirudia chote: urefu wa kuruka, upande wa kugeukia, zamu yake ya kutua.

"Kwani usiseme sawa tu, dada?"

"Sawa haimwambii nimesikia nini."

Maswali yangu hayakumchosha, na hilo peke yake nalishukuru hadi leo. Akanieleza kwamba upepo ulikuwa wa kusini, kwa hiyo tungepita juu ya bahari, tuuache uwanja kuliani, tufike mbele ya mji, kisha tugeuke na kurudi kutua. Tulipokuwa usawa wa Mbweni ya Unguja, mnara ukasema kitu, naye akanyoosha shingo kuelekea upande wangu.

"Kuna ndege kubwa inakuja kutua kutokea Bububu, kaskazini. Sisi tuifuate nyuma. Nitazamie, kaka, wewe uko upande mzuri."

Nikatazama. Mabati, minara ya misikiti, mawingu. Kisha nikaona kitu cheupe kinang'aa.

"Nshaiona!"

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe cha redio. Hakukibonyeza.

"Inaelekea wapi?"

"Kule," nikaonyesha nyuma yetu, kusini.

"Inapanda au inashuka?"

Nikaitazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Inapanda."

"Basi siyo. Hiyo inaondoka."

Akauambia mnara kwamba hajaiona. Jibu likaja mara moja, akalirudia neno kwa neno, kisha tukalala ubavu wa kushoto na kufanya duara juu ya maji. Nyuma mama akaanza kusoma dua kwa sauti. Tulipokuwa tukimalizia duara, ile kubwa ikatoka winguni upande wa Bububu, taa zinawaka, ikashuka kwenye njia ileile ambayo sisi tungeikata.

"Sasa naiona," rubani akauambia mnara.

Tulipotua nikamwuliza ingekuwaje angeliamini neno langu.

"Ningesema nimeiona, wangeniachia niikwepe kwa macho yangu mwenyewe. Na macho yangu yangekuwa yanaifuata ile nyingine."

"Nisamehe, dada. Nilitaka kukusaidia."

"Umenisaidia. Nilipokuuliza, hukung'ang'ania."

Sijawahi kusamehewa kwa upole namna ile. Nikamshukuru, nikamshukuru tena, mpaka akaniambia nishuke, kuna abiria wengine wanangoja.

Mama alikuwa ameshakaa kwenye benchi, jicho limefunikwa, analalamika kwamba amezungushwa kama yumo kwenye pembea za Sikukuu.

"Haya, nitie dawa. Saa yake imefika. Inaanza ipi?"

Nikatoa chupa. Mkono ukaniendea wenyewe kwenye kubwa, na mdomo ulikuwa tayari kusema hii. Nikaketi. Nikatafuta namba kwenye kadi ya hospitali, nikapiga, bahati njema akapokea yuleyule muuguzi. Akaeleza upya.

"Ngoja nikurudishie, dada," nikasema. "Kubwa kwanza, halafu ndogo papo hapo."

"Siyo! Ndogo kwanza. Usubiri dakika tano, ndipo kubwa."

"Ndogo kwanza. Nasubiri dakika tano. Ndipo kubwa."

"Hapo sawa."

Mama alikuwa akinikazia jicho lake moja. "Kwani kule hospitali hakukueleza?"

"Alinieleza, mama. Mie nilikuwa naitikia tu."

"Tangu udogo wako," akasema, akakiegemeza kichwa ukutani, akaningoja nifungue chupa ndogo.