Uzi wa Kijani kwenye Bolti

Hebu mwazie Herieth akifika karakana yake pale Kizwite, Sumbawanga, asubuhi ya upepo wa baridi, koti la kiume limemfika magotini. Koti ni la marehemu mumewe, fundi Eustace. Nasema marehemu kwa kuwa ndivyo watu walivyokubaliana: miaka mitatu iliyopita alitoka bandari ya Kasanga na shehena ya mahindi kwenda Kongo, na ziwa halikurudisha boti wala mtu. Walilia msiba bila maiti. Sasa Herieth ameposwa na Ngeleja, mfugaji mpole wa Laela, na matangazo ya ndoa yamekwisha kusomwa mara mbili kanisani. La tatu ni Jumapili hii.

Mlangoni alimkuta Basil, mwenye boti wa Kasanga, injini yake imelazwa juu ya magunia, inanuka samaki, migebuka.

"Bibi harusi, kucha zote grisi! Ngeleja atakuvisha pete au ringi ya pistoni?"

"Cheka tu. Injini ina nini?"

"Inachemsha. Tukifika katikati ya ziwa inanuka kama chungu kilichosahauliwa jikoni."

"Inakojoa?"

"Matone. Kama kizee."

Herieth aliifunga kwenye pipa la maji, akaiwasha, akaona kweli: kitundu cha kutolea maji kinadondosha tu. Akaanza na pampu ya maji, chini kwenye mguu wa injini. Bolti za huko zilikuwa zimegandana na chuma. Akazimwagia dizeli, akazigonga vichwa, akazipasha moto, kisha spana kidogo mbele, kidogo nyuma, bila pupa, maana bolti ikikatikia ndani ni balaa jingine. Ndivyo Eustace alivyomfundisha. Zikatoka zikilia. Pampu ilikuwa nzima.

Basi njia ya maji imeziba juu, kichwani mwa injini. Akajiandaa kwa vita nyingine. Bolti ya kwanza ikazunguka kwa vidole.

Akaitoa, akaganda. Kwenye meno yake kulikuwa na uzi wa nyavu, wa kijani, umepakwa mafuta ya ng'ombe, ncha imepigwa fundo dogo. Eustace alifunga hivyo ili bolti zisigande, na mafundi wenzake walikuwa wakimcheka kwa fundo lile. "Unafunga bolti au unasuka nywele?"

"Basil, injini hii uliinunua kwa nani?"

"Dukani, mwaka jana, ndani ya boksi lake."

"Nani aliifungua hapa kichwani?"

"Ilisumbua upande wa Kongo mwezi uliopita. Nahodha wangu akatafuta fundi hukohuko. Mimi sikumwona. Kwani kaharibu?"

"Hapana," alisema Herieth. "Kafunga vizuri."

Labda ni mtu aliyefundishwa na Eustace zamani. Eustace hakuwa mchoyo wa kazi. Labda. Lakini koti lilimwelemea mabegani kama limelowa.

"Nahodha wako anarudi lini huko?"

"Jumatatu, ukimaliza."

Akakwangua mchanga uliogandamana, njia ikafunguka. Kikabaki kitu kimoja, kufunga. Akiirudisha bolti kavu, itakuwa kama hakuna aliyesema neno. Akiizungushia uzi mpya na kupiga fundo lake, basi atakayeifungua ng'ambo ya ziwa atajua kwamba mkono fulani Sumbawanga umemjibu. Na kabla ya hapo, Jumapili, padri atauliza kama yupo anayejua kizuizi.

Basil alikuwa anapiga miayo kwenye magunia. Herieth amesimama, bolti mkono huu, uzi mkono ule.

Wewe, msomaji wangu, ungeifungaje?